Acheni Kusingizia Presha

Juzi kwenye daladala, redio ikiwa juu, mgeni wa kipindi cha afya alitamka bila kusita: "Ukipata kizunguzungu, hiyo ni presha." Abiria wakatikisa vichwa kukubali. Kauli hii nimeichoka, kwa sababu nimeona inavyotesa watu.

Shangazi yangu kila akigeukia ubavu wa kulia kitandani, chumba kilizunguka. Alikuwa akilishika godoro kwa mikono miwili, anatapika, na kabla ya dakika kwisha kimeshatulia. Akipimwa presha, 120 kwa 80. Bado alinyimwa chumvi, akanyweshwa rozela eti damu imepungua, akauziwa vidonge. Hakuna aliyemuuliza: kizunguzungu kinaanza ukifanya nini?

Ndani ya sikio kuna vichembe vya chokaa vinavyosaidia mwili kujua umekaaje. Vikibanduka na kuingia kwenye mirija ya usawa, kila ukigeuza kichwa vinayasukuma maji ya humo, na ubongo unapelekewa habari za uongo kwamba unazunguka. Presha haichagui ubavu wa kulalia!

Tiba ya kizunguzungu cha namna hii ni kuvirudisha vichembe hivyo mahali pake. John Epley, daktari wa Marekani, aliichapisha njia hiyo mwaka 1992. Unakaa kitandani, kichwa umekigeuza nyuzi 45 upande wa sikio bovu, unalala chali kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo. Unakigeuzia upande wa pili, kisha unalalia ubavu huo ukitazama sakafu, ndipo unainuka. Kila hatua unasubiri kizunguzungu kitulie. Shangazi alifundishwa na daktari wa masikio. Siku hizi kikimrudia anaweka mto chini ya mabega na kujifanyia mwenyewe.

Mtu ataniuliza: "Mbona mama mkwe wangu alipona kwa rozela?" Alipona kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi huisha wenyewe baada ya wiki kadhaa. Hata angekunywa maji ya bomba angepona.

Na hao wanaopima watu presha stendi, juu ya mkono wa shati, mtu bado anahema kwa kukimbilia basi, wanatengeneza wagonjwa.

Kizunguzungu chenye mdomo kupinda, ulimi mzito, kuona viwili au mkono kuishiwa nguvu, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni kiharusi. Mwenye shingo mbovu naye asijaribu njia ya Epley peke yake. Wengine, kabla ya kununua kidonge, mwombeni daktari awalaze kichwa kikiwa kimegeuzwa, ayatazame macho. Yakianza kuchezacheza, aache mashine ya presha ashughulike na sikio.