Tusiuziwe mwaka na dhamana kwenye gunia

Walimu wengi nchini hununua gari lao la kwanza kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na deni hilo hukatwa mshaharani kwa miaka kadhaa. Vijana wanaohitimu vyuoni nao huyatamani magari ya kasi, hasa Subaru Impreza WRX, gari ambalo jina lake lilivuma zaidi humu nchini baada ya Colin McRae kushinda Safari Rally akiendesha Impreza mwaka 1997. Siwalaumu kwa kutamani. Ninalowasihi ni kwamba kabla ya kutia sahihi wayapime maneno mawili ambayo madalali huyatamka kwa wepesi mno: mwaka na dhamana. Siku mnunuzi atakapotaka kuliuza gari hilo, maneno hayo ndiyo yatakayoamua kwa kiasi kikubwa atarudishiwa nini.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si fundi wa magari. Hata hivyo, taaluma yangu inanifunza kwamba neno lenye maana nyingi ni silaha mkononi mwa mjanja: hukuuzia maana moja akakupa nyingine. Gari huweza kuwa na miaka minne tofauti. Kuna mwaka lilipoundwa. Kuna mwaka wa modeli. Kuna mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza ugenini. Na kuna mwaka liliposajiliwa hapa Kenya. Mwenye kuuza huutaja ule unaompendeza.

Chukua herufi za nambari ya usajili. Mfululizo wa KDA ulianza kutolewa mwaka 2020. Sheria yetu hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita umri wa miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Basi gari la mwaka 2013 lililoshushwa Mombasa mwaka 2020 lilipewa KDA sawasawa na lile lililotoka kiwandani mwaka huohuo. Herufi hizo zatueleza siku gari lilipokaribishwa nchini. Siku lilipozaliwa hazituelezi. Hata hivyo, wapo wanaoongeza maelfu ya shilingi kwa sababu ya herufi tu.

Mwaka wa modeli nao una hila zake. Nchini Marekani, magari ya modeli ya mwaka ujao huanza kuuzwa kabla ya mwaka wenyewe kufika, na herufi au tarakimu ya 10 katika nambari ya utambulisho wa gari huonyesha mwaka huo wa modeli. Magari yanayoundwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoyanunua kwa wingi, hayana desturi hiyo; nambari ya chesisi yake haisemi mwaka waziwazi. Kwa hiyo hatuna budi kuzisoma hati zake za usajili wa huko.

Hata mwaka ukiwa wa kweli, peke yake hautoshi. Mwezi wa Agosti 2014 Subaru ilianza kuuza Japani WRX STI ya umbo jipya, na jina Impreza likaondolewa. Hivyo magari mawili ya STI ya mwaka 2014 yaweza kuwa ya vizazi viwili tofauti, yenye bodi tofauti na thamani tofauti. Tena, uundaji wa STI hiyo kwa soko la Japani ulikwisha kukoma. Kadiri kanuni ya miaka 8 inavyozidi kuyafungia nje magari hayo, yale yaliyokwisha kuingia na kutunzwa vyema yatakuwa adimu, na kitu adimu hakishuki bei kwa kasi ya vingine. Mwaka, basi, hupunguza thamani ya gari la kawaida, lakini huweza kuilinda thamani ya gari la kasi lenye sifa.

Nije sasa kwenye dhamana. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi: muuzaji anazijua kasoro za gari, mnunuzi hazijui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya kubahatisha, na mwenye gari zuri huona anapunjwa, akaliondoa sokoni. Dhamana huliziba pengo hilo. Anayekubali kuitengeneza injini ikiharibika anaonyesha kwamba anaiamini. Ndiyo maana gari ambalo dhamana yake ya kiwandani ingali hai, na inayohamia kwa mnunuzi mpya, huuzwa ghali kuliko pacha wake asiye nayo.

Lakini dhamana ipi? Huko Japani ni kawaida gari jipya kupewa dhamana ya jumla ya miaka 3 au kilomita 60,000, na ya sehemu muhimu kama injini miaka 5 au kilomita 100,000. Gari la miaka 7 linapofika kwetu, ahadi hiyo imekwisha zamani. Na hata gari changa likisafirishwa, kwa kawaida ahadi ya kule haivuki bahari. Kwa gari la kasi kuna hatari zaidi: aliyeichezea turbo ili kuongeza nguvu, au aliyelipeleka mashindanoni, aweza kuwa ameivunja dhamana hiyo mwenyewe.

Wako pia wanaokichukua cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kusafirishwa wakakiita dhamana. Hapo nawaomba wanafunzi wangu wakumbuke somo la nyakati. Cheti husema gari "lilikuwa" zima siku lilipokaguliwa. Dhamana husema "tutalitengeneza" likiharibika. Kati ya *li* na *ta* ndimo pesa za mwalimu hupotelea.

Tufanye nini? Tudai hati ya usajili wa kwanza. Tudai kumbukumbu za matengenezo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Na atakayenunua kwetu kesho atazidai vilevile. Dhamana ya muuzaji iandikwe: sehemu zipi, muda gani, kilomita ngapi, nani atalipa. Tangazo lenye kutaja mwaka tulihifadhi, maana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo.

Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa ni shida kulidai. Tunaofundisha wengine kusoma tusiwe wa mwisho kuyasoma maandishi ya mali tunayoinunua kwa jasho letu.