Kabichi ya Mgeta, Maji ya Ruvu na Deni la Dar es Salaam

Kabichi ya Mgeta inayouzwa Kariakoo na maji yanayotoka bombani Ilala ni ndugu wa tumbo moja. Vyote huzaliwa katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ila vikianza kushuka huachana njia. Kabichi hupakiwa kwenye fuso na kufuata barabara ya Morogoro. Maji ya mto Mgeta huzunguka milima kwa upande wa kusini hadi yanapokutana na Ruvu, mto unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Kabichi tunailipia, ingawa kwa bei ya dalali na kwa kipimo cha lumbesa. Kwa maji tunalipia dawa, umeme na bomba. Mlima wenyewe hauambulii hata senti.

Kiangazi kilichopita nilipanda Mgeta hadi Nyandira. Mashamba ya huko yamekatwa ngazi kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mgeni huona kizunguzungu pale mwenyeji anapopalilia karoti. Mabondeni mifereji midogo inapeleka maji kwenye njegere na kabichi. Mama mmoja mwenye shamba aliniuliza, “Mwalimu, huko kwenu ndoo ya maji ni shilingi ngapi?” Nikamweleza jinsi bei ya dumu inavyopanda siku za mgawo. Alitikisa kichwa, akaendelea kufunga gunia lake.

Mgawo wa mwaka 2022 wengi tunaukumbuka. Mitambo hiyo miwili, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, ilipungukiwa maji kwa sababu mvua za vuli zilichelewa na Ruvu ukakauka kupita kawaida. Hata hivyo, vidole vilielekezwa haraka kwa wakulima na wafugaji. Tumezoea lugha hiyo: “waharibifu wa vyanzo vya maji”. Sikanushi kwamba kilimo cha mabondeni hunywa maji, wala kwamba moto na ukataji miti umeumiza Uluguru. Ninachokataa ni kumhukumu mkulima huku tukila mavuno yake.

Tazama sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukiwa ofisini, hiyo ni namba nzuri. Katika bonde jembamba la Uluguru, mita 60 kila upande ndilo bonde zima, na pengine ndilo shamba lote la familia. Mtumishi wa halmashauri anayetumwa kuisimamia huwa na njia mbili: afumbe macho au azue ugomvi. Mwaka 2008 msitu wa juu ulifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia, hatua ninayoiunga mkono, lakini maana yake ni kwamba wanakijiji wamebanwa juu na msitu, chini na mto.

Milima hii imewahi kuonja uhifadhi wa amri. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwenye miteremko. Mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukaachwa. Mgeta, wakati huohuo, watu walikuwa na ngazi zao ambazo hawakuhitaji kushikiwa kiboko ili wazichimbe, kwa kuwa mboga ziliwalipa.

Njia ya pili nayo tumeijaribu. Upande wa mashariki, kata ya Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima waliochimba makingamaji na kupanda miti ili Ruvu upungukiwe tope. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwa wafadhili, na muda wa mradi ulipokwisha, malipo nayo yakaisha. Kilichokosekana ni chanzo cha fedha cha kudumu.

Chanzo hicho kipo. Risiti ya LUKU imekuwa na mstari wa REA, asilimia 3, ambao kwa huo mkazi wa mjini huchangia umeme wa vijijini. Sijasikia mtu wa Kariakoo akiandamana kwa ajili yake. Napendekeza mstari kama huo kwenye bili ya maji ya Dar es Salaam, uidhinishwe na EWURA, na fedha zake ziende moja kwa moja kwa vijiji vya Uluguru vinavyohifadhi miteremko, kwa kipimo kinachokaguliwa. Waluguru hurithi ardhi kwa upande wa mama. Mpango utakaomlipa “mkuu wa kaya” bila kuuliza shamba ni la ukoo gani utamruka mwenye mali.

Najua nitajibiwa kwamba bwawa la Kidunda, ambalo mkataba wake wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2022, litahifadhi lita bilioni 190 na kumaliza tatizo. Bwawa nalitaka. Lakini udongo unaomomonyoka Uluguru utatuama humo, na kila tani ya tope itachukua nafasi ya maji. Wahandisi wa Wizara ya Maji wanalijua hili kuliko mimi. Waulizwe, kabla bwawa halijajaa, bajeti ya kutunza miteremko iliyo juu yake iko kwenye kifungu gani.