Kamera Zitulinde, Zisituhukumu

Kwa muda mrefu kamera za ulinzi zilikuwa vitu vya mabenki, balozi na viwanja vya ndege. Leo sivyo. Zimeingia madukani, katika nyumba za kulala wageni, vituo vya mafuta, maghala, shule na hata juu ya mageti ya watu wa kipato cha kawaida. Kila bidhaa inayofika Dar es Salaam haichelewi kuifuata barabara kuu hadi bara. Dakawa, mji mdogo wa wakulima wa mpunga ulio kando ya barabara ya Morogoro na Dodoma, hauwezi kujidhania kuwa mbali na jambo hili.

Tunapenda kueleza mapema kwamba hatuna ugomvi na kamera. Mwizi ni adui wa jasho la watu. Mkulima anayelima kwa maji yanayosukumwa kwa mashine kutoka Mto Wami, akalipia mbegu, mbolea na vibarua, kisha akakuta magunia yake yamechukuliwa ghalani kwa usiku mmoja, ana haki kamili ya kutafuta kila njia halali ya kujilinda. Vivyo hivyo shule iliyopata kompyuta chache baada ya kuzisubiri miaka mingi. Ulinzi ni wajibu, na chombo kinachorahisisha wajibu si cha kubezwa.

Lakini yafaa tuelewe ni chombo gani tunachokinunua. Kamera ya zamani ilikuwa jicho tu. Ilipiga picha, na binadamu ndiye aliyeitazama na kuamua. Zile zilizotoa ishara ya hatari zilifanya hivyo kila kitu kilipocheza mbele yake: jani, mvua, mjusi au paka. Kamera mpya zina kile kinachoitwa akili mnemba. Programu iliyo ndani yake, au iliyo katika kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao, imefunzwa kwa picha nyingi mno hata ikaweza kutenga mtu na mnyama, na gari na pikipiki. Mwenye kamera huchora mstari usioonekana kuzunguka ghala lake, na mtu akiuvuka usiku wa manane simu ya mwenyewe hulia. Nyingine husoma namba za magari. Nyingine, na hapa ndipo penye mzizi wa maoni yetu ya leo, hutazama uso wa mtu na kumtaja ni nani.

Kutambua kwamba kuna mtu ghalani ni jambo moja. Kutamka kwamba mtu huyo ni fulani ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni taarifa. La pili linakaribia kuwa hukumu.

Na mashine hukosea. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za makampuni makubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa kumtazama usoni. Kwa wanaume weupe programu hizo zilikosea chini ya mara 1 katika kila 100. Kwa wanawake weusi programu mojawapo ilikosea karibu mara 35 katika 100. Desemba 2019 taasisi ya viwango na teknolojia ya Serikali ya Marekani ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso. Ilionekana kuwa watu wa asili ya Afrika Mashariki na Afrika Magharibi walikuwa miongoni mwa wale ambao programu nyingi ziliwafananisha na watu wengine kimakosa zaidi. Programu si sawa zote, na nyingine zilifanya vizuri. Hata hivyo, mnunuzi wa Dakawa au Mvomero hana maabara ya kumwonyesha ipi ni ipi.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Januari 2020, polisi wa mji wa Detroit huko Marekani walimkamata mwanamume mmoja mweusi nyumbani kwake, mbele ya mke na binti zake. Kompyuta ilikuwa imeifananisha picha hafifu ya kamera ya duka na picha ya leseni yake ya udereva. Alilala mahabusu kwa kosa la wizi wa saa ambao hakuufanya. Mwaka 2024 mji huo ulikubali kumlipa fidia.

Mtu yule alikamatwa na polisi, akapata wakili na hatimaye akasafishwa. Tujiulize kwa uwazi: je, kwetu ingekuwaje? Kila mwalimu na kila mtumishi wa Serikali aliyefanya kazi katika wilaya zetu anajua neno "mwizi" lina uzito gani likishatamkwa mbele ya umati. Anajua kwamba kuna watu waliopigwa hadi kufa kabla ya askari kufika, na baadaye ikabainika kuwa hawakuwa na hatia. Leo picha inaweza kutoka katika kamera ya duka, ikaingia katika kundi la simu la mtaa mzima, na ikamtangulia mtu nyumbani kwake. Mashine iliyokosea haitafika mazishini kuomba radhi. Watakaobaki na lawama ni wale walioiamini bila kuuliza.

Liko pia suala la nani anayezishika picha hizo. Kamera iliyounganishwa na mtandao hutazamwa na yeyote mwenye ufunguo wake, na wengi wetu huacha neno la siri lile lile lililowekwa kiwandani. Mwaka 2016 wahalifu walitumia uzembe huo kuteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vingine duniani, wakavigeuza jeshi la kuvuruga mtandao wenyewe. Machi 2021 wadukuzi waliingia katika mifumo ya kampuni moja ya Marekani na kuweza kutazama kamera zipatazo 150,000, zikiwamo za hospitali na shule. Kufuli linalofunguka kwa ufunguo wa kila mtu si kufuli.

Dakawa ina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili kwa makini. Katika miaka ya 1980 ardhi yake iliwapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC, kama ilivyokuwa Mazimbu. Ndugu wale walikuwa wamekimbia nchi ambamo Mwafrika hakuweza kutembea mjini kwake bila kitambulisho cha pasi chenye picha yake. Kwa kuipinga sheria ya pasi, watu 69 waliuawa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960. Na wengi wetu tumesahau kwamba mfumo wa kisasa wa kupiga picha za pasi ulitoka kwa kampuni ya Kimarekani ya Polaroid. Wafanyakazi wake wenyewe, Caroline Hunter na Ken Williams, ndio waliolifichua jambo hilo mwaka 1970 na kuanzisha upinzani ndani ya kampuni. Mwaka 1977 Polaroid ikaacha kuuza bidhaa zake Afrika Kusini.

Hatusemi kwamba mwenye duka anayetundika kamera ni kaburu. Tunasema kwamba kamera ile ile iliyopiga picha za harusi ndiyo iliyopiga picha za pasi. Kilichotofautisha ni nani aliyeishika, kwa kusudi gani, na kama aliyepigwa picha alikuwa na pa kulalamikia.

Kwa bahati njema Watanzania tuna pa kulalamikia. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, zisitumiwe kwa lingine, na zitunzwe kwa usalama. Alama za mwili, uso ukiwamo, zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Aidha mtu anaweza kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Sheria nzuri isiyojulikana, hata hivyo, ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Walimu, maofisa watendaji na maofisa ushirika ndio wenye wajibu wa kuifikisha kwa wananchi.

Kwa hiyo basi, tunatoa rai ifuatayo kwa kila bodi ya shule, chama cha ushirika na ofisi ya umma inayokusudia kufunga kamera hizi.

Kwanza, wanaohusika waelezwe kabla, katika kikao, na bango liwekwe mahali panapoonekana. Pili, kamera isitundikwe kamwe bwenini, chooni wala mahali watoto wanapobadilishia nguo; wala isigeuzwe kuwa mnyapara wa chumba cha walimu, maana uongozi wa shule hauwezi kukabidhiwa kwa mashine. Tatu, awepo mtu mmoja anayejulikana kuwa mtunzaji, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile, na picha zifutwe muda wake ukiisha. Nne, kipengele cha kutambua nyuso kizimwe isipokuwa pale panapokuwa na haja iliyothibitishwa. Kulinda ghala la mpunga kunatosha kujua kwamba mtu ameingia.

Tano, na hili ndilo kubwa, mlio wa kamera uhesabiwe kuwa taarifa ya kuchunguzwa. Binadamu aitazame picha, na penye shaka ya kosa apewe polisi, si kundi la simu. Hata mahakama, chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, haiupokei ushahidi wa namna hii kwa macho matupu. Hupima jinsi ulivyotengenezwa na ulivyohifadhiwa. Ikiwa hakimu mwenye elimu yake anapima, iweje mtaa uhukumu kwa dakika moja?

Wako watakaosema kwamba tahadhari hizi ni gharama na usumbufu. Tunawajibu kwamba gharama ya kumdhulumu asiye na hatia ni kubwa zaidi, na hailipiki. Mlinzi wa usiku mwenye tochi anawajua watu wa mtaa wake. Humtenga mgeni na mwizi, na mlevi na mvunja ghala. Mpeni kamera imsaidie kuona gizani. Lakini kumuuliza mtu "ni nani wewe, na umefuata nini?" kubaki kazi ya binadamu anayeweza kujibiwa, na anayeweza kuulizwa kesho yake kwa nini alitenda alivyotenda.