Mashine Ikigoma Kutulo, Kiswahili Kiko Wapi?

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii hutumiwa kuwapima watu, lakini yafaa kuipimia lugha pia. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, wapenzi wa Kiswahili wamejivunia hatua ambazo lugha hii imepiga katika uwanja wa tarakilishi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisini ambazo menyu zake zilisomeka kwa Kiswahili. Baadaye Windows nayo ikavikwa joho la lugha hii. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, menyu ni lugha ya wakati wa raha, mashine ikiwa tayari inafanya kazi. Makala haya yanashikilia kwamba Kiswahili kitathibitika kuwa lugha ya teknolojia pale kitakapomfaa mtu ambaye mashine yake imekataa kuwaka.

Chukua mfano wa Kutulo, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Wajir kuelekea El Wak na Mandera. Mwalimu au mwenye duka la huko anapopata tarakilishi kuukuu, aghalabu kinachomfaa ni mfumo wa Linux kama Ubuntu au Debian. Mifumo hii, iliyoundwa kwa kufuata mtindo wa Unix, haina ada ya leseni, na baadhi ya matoleo yake huridhika na mashine dhaifu. Tatizo huzuka siku ya kuusakinisha. Mafundi wengi wako Garissa au Nairobi, mamia ya kilomita kutoka hapo, na nauli ya kupeleka mashine na kuirudisha yaweza kuikaribia bei ya mashine yenyewe.

Matatizo yenyewe si mengi, na mengi yana dawa rahisi. La kwanza ni faili iliyopakuliwa kwa mtandao hafifu ikafika na kasoro. Watengenezaji huchapisha msururu wa herufi na tarakimu kwa kila faili; amri ya sha256sum hukokotoa msururu wa faili iliyopokelewa, na misururu hiyo miwili isipolingana, faili hiyo haifai. La pili ni mashine kuipuuza flashi yenye mfumo mpya na kuendelea kusoma diski ya zamani. Hapo hutakiwa kubonyeza kitufe kama F2, F12 au Esc mara tu mashine inapowashwa, kisha kuiagiza ianze na flashi. La tatu ni umri wa mashine. Ubuntu iliacha kutoa matoleo ya kawaida ya mezani kwa mashine za biti 32 mwaka 2017, na Debian ikaacha kutoa kisakinishi chake kwa mashine hizo katika toleo la 13 la mwaka 2025. Mwenye mashine ya aina hiyo anaweza kuhangaika wiki nzima akidhani kosa ni lake, ilhali alichohitaji ni toleo jingine tu.

La nne ndilo lenye hasara kubwa zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au diski ikigawanywa vibaya, huenda skrini nyeusi ikabaki na maneno haya tu: grub rescue>. Mgeni wa mambo haya hudhani diski imekufa. Kumbe mara nyingi maana yake ni kwamba programu ndogo inayouamsha mfumo haizioni faili zake mahali ilipozitazamia. Diski yaweza kuwa nzima na yaliyomo yakawa salama. Asiyelijua hilo huifuta diski yote na kuanza upya, na papo hapo zikapotea alama za mitihani za miaka mitatu au hesabu za madeni ya duka. Data hizo haziangamizwi na hitilafu ya mashine. Zinaangamizwa na ukosefu wa maelezo ya sentensi mbili.

Hapa ndipo tafsiri ya menyu inapofikia ukomo wake. Ujumbe wa aina hii hutokea kabla mtumiaji hajafikia ukurasa wa kuchagua lugha. Hata mfumo wote ungetafsiriwa kwa Kiswahili fasaha, maneno ya mwanzo ya mashine yangebaki kuwa ya Kiingereza. Kwa hivyo msaada lazima utoke nje ya mashine, nao hauna budi kuwa katika karatasi.

Watakuwapo watakaosema kwamba kila aliyemaliza shule Kenya anajua Kiingereza. Ni kweli, ila Kiingereza cha insha sicho Kiingereza cha skrini nyeusi, na mtu aliyeshikwa na hofu hafasiri vizuri. Wengine watasema kwamba lugha ya nyumbani Kutulo ni Kisomali. Hoja hiyo ina uzito, na mwongozo wa Kisomali ungestahili kuandikwa pia. Lakini mwalimu aliyetoka Kitui na kijana mwenyeji wanaposaidiana mbele ya mashine moja, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Watakuwapo pia wa kusema kwamba mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2020, utaleta nyaya za intaneti pamoja na lami. Na uje kwa heri. Hata hivyo, intaneti itamfikisha mtumiaji kwenye majibu ambayo mengi yameandikwa kwa Kiingereza kilekile.

Isitoshe, maarifa yaliyo kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye. Baada ya mashambulizi ya Mandera mwaka 2014 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, walimu wengi wasio wenyeji waliihama kanda hiyo. Mwalimu ahamapo, kijitabu hubaki kabatini.

Kazi hii basi ni ya vyama vya Kiswahili vyuoni. Mijadala ya iwapo ni kusakinisha, kusanidi au kuweka imechukua makongamano mengi. Na lichaguliwe neno moja, litumike kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wanafunzi wa Kiswahili waketi na wenzao wa sayansi ya tarakilishi, waandike kijitabu cha kurasa ishirini. Kila ukurasa unukuu ujumbe wa mashine kama unavyoonekana, ueleze maana yake kwa Kiswahili chepesi, utaje chanzo, kisha utoe hatua za kufuata, ukianza na ile isiyofuta kitu. Kabla ya kuchapishwa, kijitabu kipelekwe kwa mtu ambaye hajawahi kusakinisha mfumo wowote, na kila sentensi itakayomkwamisha iandikwe upya.

Kijitabu hicho hakitatajwa katika hotuba za Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Lakini siku skrini itakapozimika Kutulo na alama za watoto zikiwa ndani, mwenye mashine atakuwa na mahali pa kutazama kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta.