Kiingereza cha pointi 15 ambacho hakitoki mdomoni

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa lisansi hapa Goma anaweza kusimama ubaoni na kukuandikia vitenzi vigumu vya Kiingereza, safu tatu, bila kosa. Mpeleke kesho Petite Barrière, na mgeni kutoka Lusaka amuulize njia ya kwenda Himbi. Atacheka, ataangalia chini, kisha atatafuta mtu wa kumsaidia. Anayemsaidia mara nyingi ni motari aliyeishi miaka miwili Kampala na ambaye hajawahi kununua silabisi hata moja.

Hatumcheki mwanafunzi huyo. Mimi nilitoka chuo kikuu na diploma ya uandishi wa habari, na pointi 15 kwa 20 katika Kiingereza. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikateketeza nyumba hadi Buhene na kukata barabara ya Rutshuru. Siku zilizofuata, mwandishi wa redio moja ya nje aliniomba nimweleze kwa dakika moja lava imefika wapi na watu wanaelekea wapi. Nilijua kila kata na kila njia. Nilitoa maneno manne, nikakwama. Akanishukuru, akageukia mtu aliyekuwa amefika mjini kwetu juzi yake, na ambaye alisoma majina ya kata zetu kwenye simu. Ndiye aliyeeleza Goma siku hiyo.

Kosa haliko katika akili za vijana. Liko katika namna kozi inavyotolewa. Wanafunzi mia mbili wanaketi katika oditwari moja, mwalimu anaandika kanuni ubaoni, nao wananakili. Mwisho wa kozi kuna mtihani wa kujaza nafasi zilizo wazi, kwa hiyo kila mmoja anajifunza kujaza nafasi. Mwanafunzi anaweza kumaliza mwaka mzima bila kutamka sentensi kumi zilizo zake mwenyewe.

Kuna njia nyingine, na si ya jana. Kati ya mwaka 1979 na 1984, kusini mwa India, mwalimu N. S. Prabhu na wenzake waliweka kando masomo ya kanuni katika shule kadhaa za Bangalore na miji mingine. Waliwapa watoto kazi za kutatua kwa Kiingereza, kama kusoma ramani au kutafuta treni inayofaa katika ratiba. Mwaka 1996, Mwingereza Jane Willis aliandika kitabu kinachopanga hatua za njia hiyo: kuandaa, kufanya kazi kwa vikundi, kujitayarisha na kutoa ripoti mbele ya wengine. Sarufi inakuja mwishoni, wakati watu wameshaona wapi ulimi ulikwama.

Goma haihitaji treni za India, kazi zake zinatosha. Chukua tarehe 27 Mei 2021, wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za mji walipoamriwa kuhama na wengi wakashika njia ya Sake. Weka wanafunzi wanne pamoja. Wa kwanza ana ramani, wa pili ana orodha ya kata zilizohamishwa, wa tatu anajua mabomba ya maji yaliharibika wapi. Wa nne ni mgeni wa shirika la misaada, anayepaswa kuamua malori ya maji yaende wapi. Hakuna ruhusa ya kuonyeshana karatasi. Ili kazi iishe, lazima waulizane, wakosee, warudie. Baadaye mmoja wao anasimama na kueleza darasa zima walichoamua. Mwalimu ameandika makosa aliyoyasikia, na sasa anafundisha wakati uliopita kwa watu waliotoka kuuhitaji dakika tano zilizopita. Hakuna projekta, hakuna umeme.

Najua watakachosema maasistanti: vikundi vitaongea Kiswahili. Ndiyo, vitaongea, na mimi ningeviacha vipange kwa Kiswahili, mradi maswali ya kazi yenyewe na ripoti viwe kwa Kiingereza. Makelele nayo yatakuwepo. Na vikundi hamsini ni vingi kwa sikio la mtu mmoja. Hapo wanafunzi wa idara za Kiingereza wanaokaribia kumaliza wanaweza kuzunguka katika vikundi. Wao pia wanahitaji mazoezi ya kufundisha.

Kigumu zaidi ni kicheko. Kijana akitamka vibaya, oditwari nzima inalipuka, naye hafungui tena mdomo mpaka Juni. Mbele ya watu watatu wenye shida ileile, aibu inapungua. Ndiyo maana klabu za Kiingereza za mwishoni mwa wiki zinawafungua midomo baadhi ya vijana. Lakini kwa nini wazazi walipe minervali chuoni, kisha mtoto akajifunzie kuongea kwingine?

Tarehe 8 Aprili 2022 Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili chetu kinatupitisha sokoni Nairobi na Arusha. Kikao cha kuajiri watu, mara nyingi, kinafanyika kwa Kiingereza.

Basi mtihani ubadilike kwanza. Ukibaki wa karatasi tu, wanafunzi watarudi kwenye silabisi, na watakuwa na haki. Nusu ya pointi itoke mdomoni. Piga hesabu: wanafunzi 200, wanne kwa wanne, dakika kumi kila kikundi. Ni dakika 500, saa nane na theluthi, yaani siku mbili za kazi. Asistanti anayelipwa kidogo hatazifurahia, na hatumlaumu. Fakulte izihesabu siku hizo na kumlipa. Ratiba ya mitihani ijayo itakapobandikwa ukutani, tutaangalia kama siku hizo mbili zimo.