Serikali inunue utafiti kwa kuzungumza na watafiti

Serikali ikijenga barabara, kila mkaaji anaona kama kazi imefanyika. Ikinunua utafiti, inapokea ripoti. Mara nyingi ripoti hiyo inafungiwa katika kabati ya biro bila mtu wa kuisoma.

Kwa maoni yangu, kosa linaanza kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Biro inayonunua inaandika peke yake inachotaka, mtafiti anajibu peke yake, kisha wanakutana siku ya malipo. Wakubwa wengi wanaogopa kwamba kuzungumza kabla ya kutoa soko la serikali ni kufungua mlango wa rushwa. Woga huo una sababu. Lakini rushwa inafanyika pembeni. Kikao cha wazi, ambamo watafiti wote wanaalikwa na wote wanapewa majibu yaleyale, kinaizuia.

Tazameni yaliyopata Goma. Wanasayansi wa kituo cha OVG wanachunguza volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2020 ufadhili wa Benki ya Dunia ulifika mwisho, na kwa miezi kituo kikakosa intaneti ya kupokea vipimo kutoka vifaa vya mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kupewa tahadhari. Watu wapatao 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliungua. Hakuna anayeweza kuapa kwamba vipimo hivyo vingetosha kutabiri mlipuko. Hata hivyo, kulinda mji wenye watu wengi hivyo si kazi ya kusimama siku mradi unapofungwa. Anayelipa na anayepima walipaswa kupanga mapema nani ataendelea kulipa.

Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serikali inatambua kazi za kitaalamu kando na ujenzi na ununuzi wa vifaa. Basi zisitendewe kama simenti. Kila wizara na kila jimbo linalonunua utafiti lifanye mambo matatu: likutane na watafiti wetu, wakiwemo wa Lwiro na wa vyuo vikuu, kabla ya kuandika mahitaji, lichague mfanyakazi mmoja wa kufuata kazi tangu mwanzo, na litangaze matokeo kwa lugha ambayo wakaaji wanaelewa.

Pesa ni za raia. Wana haki ya kujua zimewafundisha nini.