BARUA YA MEYA NA LISTE YETU YA SALONGO



Wengi wanamujua Jacques Chirac kama Rais wa Ufaransa, 1995 mpaka 2007. Mbele ya hapo alikuwa meya wa Paris tangu 1977, na tena mukubwa wa chama chake, RPR. Katika miaka ile watu fulani walipokea mushahara wa muji, kumbe walitumikia chama.

Katika 1993 Chirac alitia sahihi barua moja, akiomba mutumishi mumoja mwanamuke apandishwe cheo. Mama huyo aliandikwa kati ya watumishi wa muji, lakini kazi yake ilikuwa kwa chama. Barua ya adabu tu, wala hamuna bahasha ya feza ndani. Lakini sahihi ni ya meya mwenyewe, na mutu aliyetia sahihi atasemaje kwamba hakujua?

Alipokuwa Rais hakuweza kushitakiwa. Walimungojea. Katika 2010 yeye pamoja na chama kilichorithi RPR walikubali kurudishia muji zaidi ya milioni 2 za euro, na tarehe 15 Desemba 2011 tribinali ilimukatia miaka 2 ya kifungo cha kuahirishwa. Gerezani hakuingia.

Mwenzangu mumoja aliuliza: «Kosa ni gani? Mukubwa kumuhurumia mufanyakazi wake ni mubaya?» Swali nzuri. Kuhurumia si mubaya, lakini yeye alihurumia kwa mufuko wa wengine. Mulipa kodi wa Paris, hata yule asiyekipenda chama kile, alikilipia bila kuulizwa.

Sasa tuje kwetu. Siku ya posho tuko na salongo, na sisi makapita njo tunatia sahihi kwenye liste. Mutoto wa mwaka wa kwanza anatumwa kufua nguo za mukubwa wa chumba, halafu anaandikwa kwamba alikuwa shambani. Wenzake wanalima sehemu yake. Sahihi ile ni ndugu ya barua ile, hata kama hakuna euro moja ndani.

Najua watanijibu: ni desturi ya internat, hata sisi tuliwafulia wakubwa. Basi, na afue mwenyewe! Saa ya salongo ni ya shule nzima, si ya kapita kugawia rafiki zake.

Ninamuomba Bwana Prefe aruhusu liste zote zibandikwe kwenye mulango wa nyumba ya kulia, kila posho jioni, pamoja na jina la kapita aliyetia sahihi. Yangu itakuwa ya kwanza. Anayeona uongo ndani yake aje aniambie mbele ya sala ya jioni, hata akiwa wa mwaka wa kwanza.

Kapita mukuu, mwaka wa sita